Tshibumba, Mchoraji Aliyejiita Mwanahistoria



Sisi tunaoandaa ukurasa huu tunakaa Kanyosha, upande wa kusini wa Bujumbura. Wengi wetu tulitoka Kongo. Wengine tuna miaka mingi hapa, wengine tumefika mwaka 2025, pale maelfu ya watu walipovuka Rusizi wakikimbia vita vya Kivu. Kila tunapokutana na wazazi, kuna swali moja halikosi: "Watoto wetu wanazaliwa huku, shuleni wanasoma historia ya huku. Ya kwetu tutawafundisha namna gani? Vitabu hatuna, na wengine wetu hata shule hatukumaliza."

Swali hili ni zito. Wazee wanaokumbuka mambo ya kijijini wanazidi kupungua, na mara nyingi wanaondoka kabla hatujawauliza. Karatasi na picha za familia zilibaki nyumbani, nyingine ziliungua. Mtoto akiulizwa kwao ni wapi, anataja jina la kambi au la mtaa.

Basi mwezi huu tunawaletea habari za mtu mmoja wa Lubumbashi ambaye hakusomea historia chuoni, wala hakuingia shule ya sanaa, lakini aliichora historia ya nchi yake nzima, tangu wafalme wa zamani hadi siku zake, na akaisimulia yote kwa Kiswahili. Aliitwa Tshibumba Kanda Matulu.

Alikuwa nani

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa wakati huo Elisabethville, ambao sasa tunauita Lubumbashi. Ni mji wa migodi. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na watu waliletwa kutoka pande nyingi ili wafanye kazi katika kampuni ya Union Minière na kwenye reli. Kwa sababu makabila yalikuwa mengi, Kiswahili kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi, ya soko na ya nyumbani. Ndicho Kiswahili chetu cha Kongo, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia hucheka kidogo.

Mjini humo kulikuwa na mahali pa kujifunza kuchora. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji. Humo walitoka watu kama Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela Sara, ambaye alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake. Picha zao zilipendwa na Wazungu na zilisafiri mpaka Ulaya.

Tshibumba hakupita njia hiyo. Alikuwa mmoja wa wachoraji wa mitaani waliojifunza kwa kutazama wenzao, kujaribu, kuharibu na kurudia. Turubai zao zilikuwa kitambaa cha magunia ya unga. Walikikata, wakakivuta juu ya fremu ya mbao, wakakipaka rangi ya chini, kisha wakachora. Picha ikikauka, mchoraji anaibeba kwapani na kuipitisha nyumba kwa nyumba. Wateja walikuwa watu wa kawaida: mfanyakazi wa mgodi, karani, mwalimu, mwenye duka. Bei ilibidi iwe ya kuwafaa hao. Mwenye watoto wa kulisha hakuweza kungoja mnunuzi wa Ulaya.

Picha za saloni

Sasa tuelewane vizuri kuhusu picha hizi, maana zilikuwa na kazi yake. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miaka ya 1960 na 1970, ukiingia saloni ulikuta picha moja au mbili ukutani. Kulikuwa na aina zinazojulikana. Aina moja ni mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Nyingine ni misafara ya watumwa. Nyingine ni mandhari ya kijijini, na picha za Lumumba.

Aina moja iliyopendwa sana iliitwa Colonie Belge, 1885–1959. Humo unaona uwanja wa gereza au wa ofisi ya serikali. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mtu amelazwa chini, askari mweusi anamchapa kwa kiboko, Mzungu amesimama anatazama. Pembeni kuna wafungwa wengine, na wanawake waliokuja na chakula wanalia.

Mtu anaweza kujiuliza: kwa nini mfanyakazi achukue pesa yake ngumu anunue picha ya huzuni namna hiyo na kuiweka pale anapokunywa chai? Jibu lao lilikuwa neno moja: ukumbusho. Picha ilitundikwa ili mgeni akikaa aulize, "Hii ni nini?" Hapo baba mwenye nyumba anaanza kusimulia, babu anaongeza, na watoto wanasikia. Picha ilikuwa mlango wa mazungumzo. Bila mtu wa kusimulia, ilikuwa rangi tu juu ya gunia.

Zaidi ya picha mia moja

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na mwalimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa akichunguza maisha na lugha ya wafanyakazi wa Shaba. (Katanga iliitwa Shaba wakati wa Zaire.) Tshibumba alikuwa na miaka 26 hivi. Alikuja kama alivyokwenda kwa wateja wengine, na picha zake za kuuza.

Walipozungumza ikaonekana kwamba kijana huyu alikuwa na kitu kikubwa zaidi. Alijiita msanii, ndiyo, lakini alijiita pia mwanahistoria. Alitaka kuichora historia ya nchi tangu mwanzo. Fabian akakubali kununua picha hizo, na katika mwaka huo na mwaka 1974 zikafika zaidi ya mia moja. Kila alipoleta fungu jipya, walikaa pamoja, kinasa sauti kikawashwa, na Tshibumba akaeleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili.

Tazameni jinsi mambo yaliyomvutia yalivyokuwa mengi. Alichora wafalme wa zamani na kufika kwa Wareno. Alichora kifo cha Msiri, mfalme wa Wayeke wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 alipokataa kuitii bendera ya Mfalme Leopold. Alimchora Simon Kimbangu, mhubiri aliyehukumiwa mwaka 1921 na kufungwa Elisabethville mpaka alipofariki mwaka 1951. Alichora mji wake na kazi ya shaba, na wafanyakazi wa migodi waliogoma mwaka 1941 wakapigwa risasi na askari wa serikali. Alichora uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kujitenga kwa Katanga siku chache baadaye, vita vilivyofuata, na utawala wa Mobutu. Mwisho akachora hata mambo aliyoyawaza juu ya siku zijazo.

Siasa, dini, kazi, nguo, majengo, vyote aliviona ni historia. Na juu ya picha aliandika maneno kwa Kifaransa, ili atakayeiona bila yeye kuwepo ajue ni nini.

Alijifunza wapi?

Hapa ndipo penye somo kwetu. Tshibumba hakuwa na maktaba. Alikuwa na yale aliyokumbuka kutoka shuleni, redio, magazeti, na picha za wenzake. Alikuwa na masikio: wazee, majirani, watu wa kazini. Alikuwa na macho yake, kwa maana mambo ya miaka ya 1960 aliyapitia mwenyewe akiwa kijana. Na alikuwa na akili ya kuunganisha kimoja na kingine.

Chochote alichokipata alikiuliza swali. Kitabu cha shule kilisema Wazungu waligundua nchi. Je, nchi ilikuwa haina watu? Wakubwa walisema mambo yalikwenda hivi, wazee wa mtaa wakasema yalikwenda vile. Yeye alisikiliza pande zote, kisha akaamua atakavyochora.

Ni kweli, si kila alichochora kinapatana na vitabu. Wataalamu waliokuja kuzichunguza picha zake waliona mahali ambapo matukio mawili yameungana, au mwaka haukai sawa. Lakini hata mwenye diploma hukosea, na mwenye diploma anaweza kuandika historia nzima ya mji asimtaje hata mfanyakazi mmoja. Tshibumba aliwatia ndani watu ambao wengine waliwaacha nje.

Misalaba mitatu

Picha yake moja inafaa tukae nayo kidogo. Inahusu kifo cha Patrice Lumumba. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na Elisabethville usiku wa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 13 katika mji huohuo.

Katika picha miili mitatu imelala chini, na nyuma yake, juu ya kilima, kuna misalaba mitatu. Mkristo yeyote anaelewa mara moja: ni Golgota. Sasa, je, palikuwa na misalaba mahali pale? Hapana. Tshibumba mwenyewe alijua. Aliiweka kwa sababu alimwona Lumumba kama mtu aliyekufa kwa ajili ya watu wake. Tukio ni la kweli, na misalaba ni mawazo ya mchoraji juu ya tukio hilo.

Tunasema haya kwa sababu sisi pia tunasimulia namna hiyo. Katika hadithi zetu kuna yale tuliyoyaona, kuna yale tuliyosikia, na kuna yale tunayowaza. Yote matatu yana nafasi yake. Shida inakuja yakichanganywa mbele ya mtoto kama kitu kimoja. "Niliona nyumba ikiungua" ni neno moja. "Nilisikia ni watu fulani walioichoma" ni neno jingine. "Watu wa kabila lile wote wako hivyo" si historia tena, hapo tumeshawasha kiberiti. Huku ukimbizini ambako tunachota maji bomba moja na watu tuliokimbiana nao, tofauti hiyo inaweza kuokoa maisha.

Jambo jingine juu ya Lumumba. Mwili wake uliharibiwa ili asiwe na kaburi. Familia ilikaa miaka 61 bila mahali pa kuweka maua. Kilichobaki, jino moja, Ubelgiji ilikirudisha kwa familia mwezi Juni 2022, na kikazikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo. Katika miaka yote hiyo picha zilizotundikwa kwenye saloni za watu wadogo ndizo zilizomweka. Wapo kati yetu wasiojua ndugu zao wamelala wapi. Wanaelewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Boyi aliyeandika historia ya mji

Tshibumba hakuwa peke yake mjini mwake. Mwaka 1965, miaka kadhaa kabla ya picha hizo, mtu aliyeitwa André Yav aliandika kitabu kidogo cha historia ya Elisabethville. Yav alikuwa amefanya kazi ya boyi, yaani mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, na aliandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani kama yeye. Aliandika kwa Kiswahili, Kiswahili cha mjini mwao, jinsi kilivyosemwa.

Fikirini kidogo. Boyi aliingia kila chumba. Alipika, alifua, alilea watoto, alisikia maneno ya mezani. Mwenye nyumba alidhani hasikii. Kumbe anasikia, na baada ya miaka mingi anakaa chini na wenzake wanaweka kila kitu kwenye karatasi: mji ulijengwaje, nani alifika lini, Wazungu walipewa majina gani ya kupanga, kazi ilikuwaje na mshahara ulikuwaje. Karatasi hizo zilipigwa taipu na kunakiliwa kwa mashine ya kawaida. Zingeweza kupotea. Mwaka 1990 Fabian huyohuyo alizitoa katika kitabu pamoja na tafsiri, na leo mtu anayetaka kuandika habari za Lubumbashi hawezi kumpita André Yav.

Na pwani pia

Tukitoka Kongo tukashuka mpaka Bahari ya Hindi, tunakuta jambo kama hilo. Shaaban Robert, ambaye wengi wanamwita baba wa fasihi ya Kiswahili, alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Alisoma shule Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, basi. Baada ya hapo alikuwa karani wa serikali, kwanza wa forodha, na mengine yote alijifunza mwenyewe baada ya kazi, kwa kusoma. Aliandika mashairi, hadithi, insha na habari za maisha yake.

Aliandika pia maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, akauza vyungu vya udongo mjini. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikasikika Afrika Mashariki nzima. Karani asiye na digrii aliona kwamba maisha ya mwanamke huyu yanastahili kitabu. Asingeandika yeye, tungejua machache sana.

Jiwe la Mugere

Turudi nyumbani Kanyosha. Ukishika barabara ya Rumonge, ile inayofuata ziwa kuelekea kusini, baada ya kilomita chache unafika Mugere. Pale juu kuna jiwe kubwa. Limechorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871, yaani tarehe 25 Novemba mwaka huo. Wawili hao walikuwa wamekutana Ujiji, kisha wakapanda mitumbwi kuzunguka upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Wageni wanaotembelea nchi hupelekwa hapo kupiga picha.

Jiwe halisemi uongo. Lakini nani alipiga kasia? Nani alibeba mizigo, alipika, alizungumza na wenyeji kwa lugha yao? Nani aliwapa wasafiri nafasi ya kulala? Hao hawamo kwenye jiwe. Kati ya watumishi wa Livingstone walikuwemo Susi na Chuma. Hao ndio waliosaidia kuubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi pwani ya Bagamoyo, alipofariki mwaka 1873. Majina yao tunayajua kwa sababu tu kuna watu walioyaandika mahali pengine.

Mtu kama Tshibumba akisimama mbele ya jiwe lile angechora wapiga kasia. Hivyo ndivyo tunavyoweza kuwafundisha watoto: wakiona jiwe, sanamu au kitabu, waulize nani hayumo.

Nyumbani tuanze vipi

Yafuatayo yanawezekana hata kwa familia isiyo na kalamu ya rangi wala mtu aliyesoma sana.

Kwanza, chagueni jambo moja tu. Msiseme "historia ya Kongo", mtachoka kesho. Semeni: jinsi babu alivyokuwa anavua dagaa, au siku ya harusi ya bibi, au soko la kijiji chetu lilivyokuwa.

Pili, waulizeni watu zaidi ya mmoja. Mwulizeni baba, halafu shangazi, halafu jirani wa kijiji kilekile. Wakitofautiana, msigombane. Andikeni yote mawili na mseme nani alisema nini.

Tatu, tafuteni mwaka kwa kutumia tukio linalojulikana. Mzee anaweza asijue alizaliwa mwaka gani, lakini anajua kama alikuwa ananyonya au ametahiriwa wakati fulani. Hizi hapa tarehe za kuwasaidia: uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960, uhuru wa Burundi, 1 Julai 1962, uasi wa Simba, 1964, nchi kuitwa Zaire, 1971, moto wa mlima Nyiragongo, 1977, halafu 2002, halafu 2021, Laurent-Désiré Kabila kuchukua Kinshasa, Mei 1997, tetemeko la Bukavu, Februari 2008. Mwulizeni: "Koko, ilikuwa kabla au baada?" Mkipata mbili au tatu, mwaka unajitokeza wenyewe.

Nne, chora. Usiseme hujui. Upande wa nyuma wa katoni ya mafuta ya chakula ni mzuri, makaa ya jikoni yanachora, na gunia la unga lililooshwa ndilo lilelile la Tshibumba. Acheni watoto wachore wakati mzee anasimulia. Akisema, "Hapana, mwembe ulikuwa upande huu," mtoto anafuta na kurudia. Mara nyingi mzee akisahihisha mchoro anakumbuka jambo ambalo lisingekuja kwa kuulizwa tu.

Tano, andikeni nyuma ya mchoro: ni wapi, ni lini, nani yumo, nani amesimulia, nani amechora. Picha bila majina baada ya miaka ishirini ni kitendawili. Kisha iwekeni ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, mvua isiifikie.

Tahadhari mbili. Msimlazimishe mtu kusimulia kinachomuumiza. Kuna mama ambaye akianza kusema juu ya njia waliyopita halali usiku. Mwacheni, aanze na mapishi ya nyumbani au nyimbo za kulima, mengine yatakuja yakitaka. Na msiandike kwenye karatasi jambo linaloweza kumweka mtu aliye hai hatarini. Mengine yanaweza kungoja.

Kazi iliyobaki kwetu

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakusikika tena. Waliomtafuta hawakumpata. Picha zake za historia sasa zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi, na kitabu cha picha hizo pamoja na maneno yake kilitoka Marekani mwaka 1996. Yeye mwenyewe hatujui aliishia wapi.

Lubumbashi kwenyewe kazi iliendelea. Kuanzia mwaka 2000 walimu wa chuo kikuu, pamoja na wenzao wa nje, waliendesha mradi wa kumbukumbu za mji huo. Familia ziliombwa kuleta vitu vya nyumbani na kusimulia habari zake: pasi ya makaa, baiskeli, redio, sufuria za enzi za Union Minière. Vitu ambavyo mtu angevitupa vikawa vinaheshimiwa, kwa sababu mwenyewe alisimama kando yake akaeleza.

Sisi wakimbizi tumeacha pasi, tumeacha baiskeli. Wengi tulivuka na watoto na nguo za mwilini. Lakini tulichokibeba kichwani hakikukaguliwa mpakani, na hakihitaji kibali. Kitapotea tu kama hatutakisema.

Jioni moja ya mwezi huu, kabla ya kulala, mwiteni mzee mmoja. Mpeni kiti kizuri na chai kama ipo. Mtoto akae karibu na kipande cha katoni na kaa la moto lililozimika. Halafu mwulizeni swali moja. Michoro itakayotufikia tutaichapa katika ukurasa huu, na jina la mzee aliyesimulia litatangulia lile la mchoraji.